Tunahesabu matundu ya vyoo, hatuulizi kilichomo kinakwenda wapi

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo ripoti za maendeleo huvitenganisha. Choo ni kile kibanda, na choo ni kile mtu anachokiacha humo. Daktari anapomuuliza mgonjwa wa tumbo kama amepata choo, haulizii matofali wala mabati. Lakini ukisikiliza hotuba za uzinduzi, au ukisoma taarifa ya halmashauri yoyote, maana ya pili imefutika, limebaki tundu. Shule fulani ina upungufu wa matundu 14, wafadhili wamejenga matundu 8, mgeni rasmi amekata utepe, amepigwa picha mlangoni na kuondoka. Miongozo yetu nayo inahesabu hivyohivyo. Tanzania inataka tundu 1 kwa kila wasichana 20 na tundu 1 kwa kila wavulana 25. Kenya inataka 1 kwa wasichana 25 na 1 kwa wavulana 30. Ni vipimo vya haki, na shule nyingi zingefurahi kuvifikia. Ila tundu ni mlango tu. Halisemi kama chini yake pana mwamba au maji, litajaa lini, na likijaa nani atakuja kubeba kilichomo na kukipeleka wapi.

Maswali hayo ndiyo yanayonirudisha kwenye choo kikavu, ambacho wengi hukiita choo cha mboji: choo kisichotumia maji kusukuma chochote, bali hukihifadhi kinyesi mpaka kikauke au kioze na kuwa kitu kinachofanana na udongo. Kila baada ya miaka michache anatokea mtu anayekinadi kama mkombozi wa maskini, na kila baada ya miaka michache mradi wake unaachwa ukiota magugu. Nadhani kinanadiwa kwa sababu isiyo yake. Umaskini si kigezo. Choo kikavu kinafaa mahali ambapo ardhi inakataa shimo au maji hayatoshi, na ambapo yupo mtu aliyekabidhiwa kazi ya kushughulika na kilichomo. Sharti la kwanza lipo sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuliko tunavyokiri. Sharti la pili ndilo tunalolikwepa, na ukilikwepa, bora uchimbe shimo la kawaida.

Kwanza kitazamwe kwa karibu, maana wengi wanaokipinga na wengi wanaokitetea hawajawahi kuinama nyuma yake. Aina iliyoenea zaidi kwetu inajengwa juu ya ardhi, na mtu hupanda ngazi 3 au 4 kuingia. Sakafuni pana kibao cha kuchuchumaa chenye bakuli mbele na tundu nyuma. Mkojo unaingia bakulini, unapita kwenye bomba jembamba na kushukia kwenye dumu. Kinyesi kinaangukia kwenye chumba kidogo cha saruji kilicho chini. Kando pana ndoo ya majivu, maranda au pumba za mpunga, na kata ya kuchotea. Ukimaliza unamwagia kata moja. Vyumba hivyo ni 2, na milango yake ya chuma iko nyuma ya kibanda. Kimoja kinatumika mpaka kijae, kisha tundu lake linafunikwa na kibao kuhamishiwa upande wa pili. Cha kwanza kinakaa kimya zaidi ya mwaka mzima kabla mtu hajafungua mlango na kuingiza koleo. Ujanja wote uko katika kule kutenganisha. Harufu tunayoilaani chooni hutokana zaidi na mkojo na kinyesi kukaa pamoja majini. Vikitengwa, na majivu yakiwepo, chumba hicho kinanuka kama banda la kuku lililotunzwa. Majivu yakiisha wiki 2, kinanuka vilevile kama choo chochote, na funza wanaanza kutambaa. Kwa maana nyingine, ni choo kinachodai kutunzwa kila siku.

Sasa ardhi. Shimo la choo ni teknolojia nzuri sana mahali ambapo udongo ni mkavu, maji ya chini yako mbali na kiwanja ni kikubwa, na familia nyingi za bara hazina sababu ya kulibadilisha. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa Tanzania kwa redio na vikundi vya kusoma, iliwafanya watu wachimbe vyoo kwa wingi, na ilikuwa sahihi. Lakini shimo hilohilo lilipohamia mabondeni mwa Dar es Salaam, katika viwanja vya hatua chache na maji yaliyo karibu kuguswa kwa mkono wakati wa masika, likawa kitu kingine. Mji huo una neno lake kwa yanayotokea: kutapisha choo. Shimo likijaa na gari la majitaka likashindwa kupita uchochoroni, au likapita lakini bei yake ikamshinda mwenye nyumba, anaitwa fundi. Anachimba shimo la pili pembeni, anatoboa ukuta wa lile la kwanza, na uchafu unahamia huko. Wengine husubiri mvua kubwa, wakatoboa ukuta upande wa mtaro, maji yakachukua. Kipindupindu kikizuka tunaambiwa tuchemshe maji ya kunywa, ushauri mzuri, lakini takwimu za wilaya zitaendelea kuihesabu kaya hiyo kuwa ina choo.

Pwani kuna taabu nyingine, ya mawe. Upande wa mashariki na kusini wa Unguja, na sehemu kubwa za visiwa vingine, udongo ni tabaka jembamba juu ya jiwe la matumbawe. Kuchimba shimo humo ni kazi ya sururu na siku nyingi, na jiwe lenyewe lina vitundu kama sifongo. Kinachomiminwa humo hakikai. Kinapenya hadi kwenye maji matamu ambayo wanakijiji wanayachota kisimani, kisha kinaelekea baharini. Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, shida ni jiwe la volkano, na ndiyo maana mradi wa maji na usafi wa miji ya kusini magharibi ulioanza huko mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipeleka vyoo vikavu vya kutenganisha mkojo katika Kisoro, Kabale na miji jirani. Hapakuwa na falsafa kubwa ndani yake. Sururu ilikuwa imegoma.

Mfano ulio wazi kuliko yote pwani yetu uko Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar. Miamba ya matumbawe ya upande mmoja wa kisiwa ilitangazwa hifadhi mwaka 1994. Kisiwa hakina chemchemi wala kisima cha maji matamu; nyumba 7 za wageni zinakinga maji ya mvua juu ya mapaa yake, na vyoo vyake vyote ni vya mboji. Uamuzi huo una sababu ya kisayansi. Matumbawe huishi katika maji yenye virutubisho vichache. Ukimwaga maji ya choo jirani yake, naitrojeni na fosforasi zinastawisha mwani, mwani unayafunika matumbawe, na samaki waliokuja kutazamwa wanaondoka. Choo cha kuvuta chenye tangi la maji machafu juu ya jiwe lililojaa vitundu kingekula mtaji wa hifadhi yenyewe. Kwa hiyo mgeni kutoka Ulaya analipa fedha nyingi za kigeni kulala usiku mmoja, na asubuhi anamwagia kata ya majani makavu chooni bila kunung'unika. Naomba msomaji amkumbuke mgeni huyo, kwa sababu kuna mtu mwingine wa kulinganishwa naye.

Mtu huyo anaishi pembezoni mwa Durban, Afrika Kusini. Mwaka 2000 kipindupindu kililipuka KwaZulu-Natal, na watu zaidi ya 100,000 wakaugua kabla hakijatulizwa. Manispaa ya eThekwini, yaani Durban na viunga vyake, ilikuwa na vijiji vingi vya milimani ambako bomba la majitaka lisingefika, ikaamua kujenga vyoo vikavu vya kutenganisha mkojo. Katika muongo uliofuata ilijenga zaidi ya 75,000, na sijui mji mwingine wowote Afrika uliofanya hivyo kwa ukubwa huo. Ujenzi ulikuwa imara, familia zilielekezwa. Kisha watafiti wakapita nyumba hadi nyumba, zaidi ya kaya 17,000, na kukuta watu wengi hawavipendi. Walilalamikia harufu. Zaidi ya hapo walilalamikia kwamba kaya yenyewe ndiyo iliyotakiwa kufungua mlango wa nyuma na kupakua, ilhali mjini mtu anavuta mnyororo na mambo yanaisha. Baadhi viligeuzwa stoo, na watu wakajenga vya shimo kando. Manispaa ilikuja kuichukua yenyewe kazi ya kupakua.

Wapinzani wa vyoo vikavu wanapenda kuitaja Durban, na wana haki, ila nadhani wanaisoma nusu. Teknolojia ya Chumbe na ya Durban ni ndugu. Mgeni wa Chumbe hajali kwa sababu mlango wa nyuma hauoni kabisa; yupo mfanyakazi mwenye glavu, ratiba na mshahara. Mzee wa kijijini Durban alipewa kazi ya mfanyakazi huyo bila mshahara, katika nchi ambayo kubeba ndoo za vinyesi kulikuwa kwa miaka mingi kazi na alama ya mtu mweusi aliyebaguliwa. Angekosaje kuona amedharauliwa? Anayesema watu wale walihitaji elimu zaidi anakwepa. Walielimishwa. Walichokosa ni mtumishi.

Historia ya choo hiki, nayo, inaonyesha kwamba hakikuzaliwa kwa ajili ya maskini. Mchungaji Henry Moule wa Fordington, Dorset, Uingereza, aliyekuwa amehudumia waumini wake katika milipuko ya kipindupindu ya katikati ya karne ya 19, aligundua kwamba kinyesi kikichanganywa na udongo mkavu kinapoteza harufu baada ya wiki chache, na mwaka 1860 akapata hataza ya choo cha kumwaga udongo kwa kuvuta mkono. Vilitumika katika nyumba za watu wa heshima, magerezani na kambini. Mwaka 1939 Rikard Lindström wa Sweden alibuni tangi kubwa lenye sakafu ya mteremko, ambamo kinyesi na takataka za jikoni viliteremka polepole vikigeuka mboji. Akaliita Clivus Multrum. Na hapa kwetu, mwaka 1978, Uno Winblad wa Sweden na Wen Kilama wa Tanzania, huyo aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walichapisha kitabu kuhusu usafi usiotumia maji ambacho kilisomwa duniani kote. Mtanzania alikuwa miongoni mwa walioandika mwongozo wa msingi wa jambo hili, nasi bado tunaletewa kama habari mpya kutoka ng'ambo.

Miaka hiyohiyo ya 1970 vyoo vya mfano wa Clivus vilijaribiwa Tanzania na Botswana, na havikufanya vizuri. Tatizo lilikuwa unyevu. Mkojo na maji vilizidi, rundo likawa tope, joto la kuozesha halikupatikana. Hapo ndipo linapokuja pingamizi ambalo kwa pwani yetu ni zito kuliko mengine yote: sisi tunachamba kwa maji. Mtu wa Tanga, Lamu au Mtwara akiambiwa aingie chooni na karatasi tu, ataona ameambiwa atoke mchafu, na kwa Mwislamu si suala la mazoea bali la tohara. Choo kinachomtaka aache maji hakitatumika, na hakistahili kutumika. Lakini pingamizi hilo linakipiga kibao cha zamani, halikipigi choo kikavu chenyewe. Nyumba ndefu za mji wa kale wa Sana'a, Yemen, zilikuwa na vyoo vikavu kwenye ghorofa za juu kwa karne nyingi. Kinyesi kiliporomoka kwenye shimo refu la ukutani hadi chumba cha chini, mkojo ukatiririka kwa mfereji na kukauka juu ya ukuta wa nje kwa jua la mlimani, na mtu alisogea pembeni, juu ya mawe mawili, kustanji kwa maji ambayo hayakuingia shimoni. Kinyesi kilichokauka kilichukuliwa kuwasha moto wa mahamamu ya mjini. Wenyeji wa mji huo hawakuwa na mzaha na tohara. Siku hizi kibao chenye sehemu 3, mbele ya mkojo, katikati ya kinyesi, nyuma ya kuchambia, kimetumika Kerala, India, na katika kambi ya Hilaweyn huko Dollo Ado, Ethiopia, wakimbizi wa Kisomali walijengewa vyoo vikavu kwa sababu ardhi ni mwamba. Maji ya kuchambia yanakwenda kwenye kitanda cha changarawe chenye migomba. Kibao cha matundu mawili kisiletwe pwani. Mradi unaokileta haujamuuliza mtumiaji swali la kwanza kabisa.

Kuna suala la minyoo, ambalo watetezi hulipitia mbiombio. Mayai ya mchango ni magumu ajabu. Yana ganda linaloyawezesha kukaa ardhini miezi, hata miaka, yakisubiri kinywa cha mtoto. Kukauka kidogo hakuyaui. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kilichohifadhiwa bila kuongezwa kipya kikae zaidi ya mwaka 1 katika nchi zenye joto la nyuzi 20 hadi 35, na miaka 1.5 hadi 2 penye baridi. Anayetaka njia ya haraka lazima apandishe joto la rundo lote lipite nyuzi 50 kwa wiki nzima angalau. Ndani ya chumba kidogo cha choo joto hilo halifikiwi karibu kamwe. Kwa hiyo jina choo cha mboji linadanganya kidogo: vingi vya vyoo hivi havitengenezi mboji, vinahifadhi tu, na mboji halisi inatengenezwa nje, kwenye lundo kubwa lililochanganywa na majani na mabaki ya miwa, likigeuzwa na kupimwa kwa kipimajoto. Haiti, shirika la SOIL limekuwa likifanya hivyo kwa miaka mingi. Mtu anayekuambia miezi 3 inatosha anakuuzia minyoo. Hata hivyo tulinganishe vitu vinavyolinganishika: uchafu wa choo kilichotapishwa jana haujakaa hata siku 1.

Thamani ya mbolea huzungumzwa sana, tena kwa chumvi. Hesabu yenyewe ni ya kawaida tu. Kwa mlo wa Uganda, mtu mmoja hutoa takribani kilo 2.5 za naitrojeni kwa mwaka, na kilo 2.2 kati ya hizo ziko kwenye mkojo. Familia ya watu 6 basi inatoa kilo 13 hivi kwa njia ya mkojo. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Ni zaidi ya nusu mfuko, na baada ya mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopaa mpaka serikali za Tanzania na Kenya zikaleta ruzuku, hakuna mkulima mdogo anayecheka nusu mfuko. Tatizo ni kwamba mtu mmoja hutoa kama lita 500 za mkojo kwa mwaka. Familia hiyo ina madumu 150 ya lita 20. Kama shamba liko nyuma ya nyumba, mama anachanganya na maji, anamimina kwenye mfereji kando ya mahindi na kufukia ili amonia isipae. Kama shamba liko mwendo wa saa 2, hakuna atakayebeba. Ndiyo maana mradi unaoahidi watu wa mjini utajiri wa mkojo naushuku mara moja. Na kwa wanaouliza kuhusu najisi: kutumia samadi na mbolea chafu ni mas'ala ya kale katika fiqhi, na kwa wanazuoni walio wengi mmea ulioota juu yake haunajisiki kwa sababu hiyo tu. Imamu wa kijiji aulizwe kabla saruji haijakorogwa.

Kwa mkulima mwenye nafasi, kuna choo rahisi kuliko vyote, na nakiri ndicho ninachokipenda zaidi. Peter Morgan wa Zimbabwe, aliyepewa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2013, alikipa jina la Arborloo. Unachimba shimo la kina cha mita 1 tu, unaliwekea pete ya saruji mdomoni, kibao chepesi na kibanda cha nyasi au maturubai. Kila ukitumia unatupia udongo na majivu. Baada ya miezi 6 hadi 12 limejaa. Unahamisha kibao na kibanda, unafukia kwa udongo, na mvua zikianza unapanda mpapai, mgomba au mwembe. Hakuna mlango wa nyuma. Hakuna anayepakua chochote, milele. Wazee wetu waliujua mpapai wa penye choo cha zamani na utamu wake, ingawa hawakuutangazia wageni. Shimo la mita 1 lina uwezekano mdogo wa kugusa maji ya chini kuliko la mita 4, na si rahisi mtoto kuzama humo. Linataka kiwanja tu, na kiwanja ndicho mjini hakuna.

Mjini kinachowezekana ni kinyume chake kabisa: choo ambacho kilichomo kinaondoka karibu kila siku. Nairobi, katika vitongoji vya Mukuru, kampuni ya Sanergy ilianza mwaka 2011 kuweka vyoo vidogo vya rangi ya buluu, Fresh Life, vyenye mapipa yanayotolewa kwa mikokoteni kwenye vichochoro ambamo gari haliingii. Mapipa yanakwenda kiwandani nje ya mji, ambako mabuu ya nzi askari mweusi yanakula uchafu huo na kuwa chakula cha mifugo, na kinachobaki kinakuwa mbolea ya shamba. Naivasha, Sanivation wanatengeneza makaa ya kuchoma kutokana na malighafi hiyohiyo. Nakubali pingamizi kwamba mauzo ya mbolea na makaa peke yake hayalipi gharama ya kukusanya. Hayalipi. Lakini ni mji gani ambao bomba lake la majitaka linajilipia? Mtandao wa mabomba unajengwa kwa mikopo ya mataifa, mitambo ya kusafishia inalipiwa umeme na walipa kodi, na wanaofaidika ni wenye nyumba zilizokwisha kupimwa. Mkokoteni wa Mukuru ukitaka ruzuku ndogo, ghafla tunakuwa wahasibu wakali. Mtu anayelipa kodi ya chumba cha mabati analipia choo kila anapoingia, na bado analipia kodi ya bomba lisilomfikia.

Kuna pahali choo kikavu kisipelekwe, nami sitaki kumtetea anayekipeleka. Kisipelekwe maghorofani. Katika wilaya ya Dongsheng, mjini Ordos, China, nyumba zaidi ya 800 katika majengo ya ghorofa ziliwekewa vyoo vikavu kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden. Harufu, feni na mabomba marefu viliwashinda wakazi, na mwaka 2009 vyoo vya kuvuta vikarudishwa. Seattle, Marekani, jengo la ofisi la ghorofa 6 la Bullitt Center, lililofunguliwa mwaka 2013 na kusifiwa kwa vyoo vyake vya mboji, nalo liliviondoa baada ya miaka michache. Mji wenye bomba la majitaka linalofanya kazi, maji ya kutosha na mtambo unaosafisha kweli hauna sababu ya kutamani majivu. Wanaosema maendeleo ni choo cha kuvuta wanaweza kuwa na haki kwa Kariakoo au katikati ya Nairobi. Hawana haki wanapokipeleka choo hicho mahali ambapo ndoo ya lita 20 inanunuliwa. Familia ya watu 6, kila mmoja akivuta mara 4 kwa siku kwa tangi la lita 6, inatumia lita 144, zaidi ya ndoo 7. Ndiyo maana katika nyumba nyingi tangi la kuvutia limekauka siku nyingi, juu yake pamewekwa sabuni, na watu wanamwagia kwa kopo.

Narudi shuleni, kwa sababu hapo ndipo ningependa serikali ianze. Shule haina haja ya kumwonea mtu haya kama kaya. Ina likizo, ina bustani, na ina bajeti hata kama ni nyembamba. Vyoo vya mashimo marefu vya shule vina hatari ambayo hatuipimi: Januari 2014, katika mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini, mtoto wa miaka 5 alitumbukia kwenye choo cha shimo cha shule yake na kufa humo, na kesi yake ilikwenda hadi Mahakama Kuu ya Rufaa. Choo kilichojengwa juu ya ardhi hakina shimo la kuzama. Kwa shule ya maweni kusini mwa Unguja, yenye watoto 400, ramani si ngumu. Sehemu za kukojolea za wavulana na za wasichana zipewe nafasi kubwa kwa sababu ndizo zitakazotumika zaidi. Kila tundu liwe na vyumba 2, kibao chenye sehemu ya kuchambia, tangi la maji mlangoni, chumba cha faragha chenye ndoo yenye kifuniko na mahali pa kuchomea taulo za hedhi, kwa sababu taulo hizo zikiingia chumba cha chini mzunguko wote unaharibika. Chumba kilichojaa kifungwe wakati wa likizo moja na kifunguliwe likizo ya kwanza baada ya mwaka mzima kupita. Kinachotoka kipelekwe kwenye minazi na miti ya kivuli. Kisipelekwe kwenye mchicha. Wanafunzi wasiguse koleo, hata kwa adhabu, hasa kwa adhabu.

Kisha aajiriwe mtu. Awe na mkataba, buti, glavu, dawa ya minyoo kila baada ya miezi 6, na mshahara ulioandikwa katika bajeti ya shule kabla ya bei ya tofali. Jina lake liandikwe kwenye hati ya makabidhiano ya jengo, chini ya jina la mkandarasi. Siku ya uzinduzi, mgeni rasmi anapokata utepe upande wa mbele, mtu huyo asimame kwenye picha, na funguo za milango ya nyuma ziwe mfukoni mwake.